Mtungi wa gesi usitoke dukani bila blanketi la moto

Ninauza gesi hapa Tunduma, na wateja wangu wengi ni wapangaji wa chumba kimoja: wachuuzi wa mpakani, matingo wa malori, mabinti wanaouza kwenye maduka ya mitaa ya Sogea na Majengo. Wananunua mtungi wa kilo 6 wenye jiko la kufunga juu yake na kuupakia kwenye bodaboda. Wakifika nyumbani wanauweka kati ya kitanda na pazia, kwa sababu nafasi nyingine hakuna. Kabla mteja hajaondoka namwonyesha koki, na namna ya kupima uvujaji kwa povu la sabuni. Kisha namwuliza: mafuta yakishika moto utafanyaje? Wengi hunijibu kuwa watamwagia maji.

Jibu hilo linanitia hofu. Mafuta ya kupikia yanayowaka yana joto la zaidi ya nyuzi 300. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo yanazama chini yake na kugeuka mvuke papo hapo, na lita moja tu hutoa mvuke wa zaidi ya lita 1,600. Mvuke huo unayarusha mafuta na moto wake mpaka darini, kwenye pazia, usoni pa mpishi.

Moto wa namna hiyo hunyimwa hewa. Blanketi la moto ni kitambaa cha nyuzi za kioo, kama mita moja kwa mita moja, kilichokunjwa ndani ya kifuko chenye mikanda miwili inayoning'inia. Unavuta mikanda, unakunja pindo lifunike vidole, unalishika mbele yako kama ngao, kisha unalilaza juu ya sufuria taratibu, kuanzia upande wako kwenda mbele. Usilirushe. Liache nusu saa au zaidi, sufuria ipoe kabisa. Ukichungulia mapema, hewa inaingia na moto unarudi.

Kwenye mitungi yetu midogo blanketi hilo lina faida nyingine kubwa. Koki iko chini ya sufuria, karibu kabisa na moto, kwa hiyo anayekimbilia kuzima gesi anapeleka mkono penye ndimi za moto. Funika sufuria kwanza, halafu funga gesi kwa chini. Lakini moto ukiwa unatoka kwenye koki yenyewe na huwezi kuifunga, usiufunike, maana gesi itaendelea kujaa chumbani. Toa watu, piga 114, waite Zimamoto. Wakati wakipenya foleni ya malori ya mpakani, wewe uwe umeshatoka nje.

Nasisitiza pia kuhusu haya mablanketi yetu mazito yenye manyoya, tunayojifunika baridi ya Juni na Julai. Hayafai kuzimia moto, maana mengi ni ya nyuzi za plastiki. Yanawaka, yanayeyuka na kung'ang'ania ngozi. Asiye na blanketi la moto afunike sufuria kwa mfuniko wa bati unaoienea. Na wakaanga chipsi wa stendi wasilitegemee kwa karai lililojaa mafuta: blanketi la nyumbani ni la moto mdogo. Karai linahitaji mfuniko wake wa chuma, uwe karibu muda wote.

Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote, maana nimeona macho ya akina mama yalivyoharibiwa na moshi wa kuni vijijini wilayani Momba. Lakini mitungi ya ruzuku inayogawiwa kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA) inawafikia watu ambao hawajawahi kuwasha gesi maishani. Ruzuku hiyo ibebe na blanketi la moto, na Shirika la Viwango (TBS) lihakikishe ni la kweli, si kitambaa chochote kilichotiwa kwenye kifuko chekundu. Sisi wauzaji tuliuze pamoja na mtungi, tumfundishe mteja kulivuta pale pale kaunta. Wenye nyumba wa Tunduma nao waruhusu msumari mmoja wa kulitundikia ukutani, karibu na mlango na mbali na jiko, mahali ambapo mkono unafika bila kuuvuka moto.