Baruapepe 97 Ambazo Hazikumshtua Mtu

Wenzangu wa kompyuta, na nyie wa biashara mnaosema haya hayawahusu: tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Marekani ya Knight Capital, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilipoteza zaidi ya dola milioni 460. Ilichukua dakika 45 tu, na hakuna aliyeiba.

Msimbo mpya ulitakiwa uwekwe kwenye seva 8. Ukawekwa kwenye 7, moja ikasahaulika. Tatizo ni kwamba msimbo huo ulitumia tena swichi ya zamani, na kwenye seva iliyosahaulika swichi hiyo bado iliamsha programu iliyoachwa kutumika tangu 2003. Soko lilipofunguliwa saa 3:30 asubuhi, seva ile ikaanza kumwaga oda bila kukoma, maana haikuwa na habari kwamba zilizotakiwa zimeshatimia. Katika kuhangaika, mafundi wakaondoa msimbo mpya kwenye zile 7 zilizokuwa nzima. Balaa likaongezeka!

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kuanzia saa 2:01, kabla soko halijafunguliwa, mfumo wenyewe ulituma baruapepe 97 kwa wafanyakazi, zikiitaja programu ile mfu kwa jina. Lakini hazikuundwa ziwe tahadhari, basi zikapita tu, kama meseji za grupu la darasa.

Kwa hiyo mkiniambia dawa ni kuongeza tahadhari, mimi nakataa. Zikizidi, watu wanazizoea. Onyo linalofaa ni lile linalomfikia aliyeandika badiliko akiwa bado nalo mkononi: swichi unayoigusa inasomwa pia na programu ile, seva 7 zimepokea, ya 8 bado. Tena liwe na nguvu ya kuzuia, siyo kunong'ona. Pale Knight hapakuwa hata na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka fundi wa pili akague kazi ya wa kwanza.

Sasa tuje kwetu. Projekti za mwaka wa mwisho tunapewa maksi kama programu inafunguka siku ya kuwasilisha, basi. Sijaona mtu akiulizwa: ukibadilisha jedwali hili, nini kingine kitavunjika? Na mwakani baadhi yetu tutakuwa tunagusa mifumo ya benki, ya bima, au ile inayoingiza boom. Nyie wa biashara, hapo ndipo mtakaponielewa, mkiwa kwenye foleni.

Naiomba idara itenge walau maksi 10 kati ya 100 za projekti kwa jambo hili: kila badiliko likaguliwe na mwenzako kabla halijaingia, na liambatane na ukurasa mmoja unaoeleza linagusa nini. Najua wapo watakaosema tutachelewa. Ukurasa mmoja, jamani! Muhula huu bado una wiki za kutosha kujaribu.