Januari Isiyotangazwa

Januari 2025 nilikuwa Same, mji ulio chini ya Milima ya Upare, nikingoja basi la kuteremkia Tanga. Kibandani redio ilikuwa wazi. Mtangazaji akafika kwenye kumbukumbu za siku: akamtaja mwanamuziki wa Marekani aliyezaliwa tarehe kama ile, akamtaja mcheza mpira wa Ulaya, kisha salamu, kisha tangazo la sabuni. Nikasubiri, nisisikie kitu. Kituo sikitaji jina, maana maradhi haya si ya kituo kimoja.

Nilichokisubiri ni hiki. Januari ile ilitimia miaka 80 tangu maelfu ya wanaume wa Ugweno, Usangi na Mamba waliposhuka milimani, Januari 1945, wakakusanyika Same kwenye makao ya wilaya ya Upare nzima, kuikataa kodi iitwayo mbiru. Kodi ya kichwa hawakuikataa. Walichokikataa ni kodi ya pili juu ya ile ya kwanza, iliyokadiriwa kwa mapato ya kila mtu, na wakadiriaji wakatumia kipimo ambacho mkulima hakukielewa wala hakuelezwa. Wakapiga kambi. Siku zikawa wiki, na wiki zikawa miezi.

Ninyi wapenzi wa maneno, litazameni jina lenyewe. Mbiru ni neno la kale la Kipare, la haki ambayo raia alimpa mtawala wake. Machifu wakalichukua wakaivisha kodi mpya, kana kwamba mzigo ukiitwa kwa jina la babu hupungua uzito. Wapare hawakuhadaika. Wakaling'ang'ania neno hadi likawageukia wenye kulitumia: lililokuwa jina la kutoa likawa jina la kukataa. Ni washairi wangapi miongoni mwetu wamepata kuligeuza neno moja namna ile?

Na wanawake hawakubaki nyuma. Mwaka 1946, waume wao wakiwa wamekwisha kukaa Same kwa miezi, afisa wa serikali alipanda Usangi. Wanawake wakamzonga, wakamtaka amalize shauri la kodi waume warudi, la sivyo awe yeye mume wao wote. Kisha mamia yao wakaiteremka milima kwa miguu hadi Same. Hatimaye kodi ile ikafutwa.

Haya si siri ya wazee. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, aliyachapisha mwaka 1971 katika kijitabu kilichobeba jina hilohilo la Mbiru. Mtangazaji hana udhuru wa kukosa marejeo.

Najua watakalonijibu. Watasema tarehe hiyo haina mdhamini. Lakini mwanamuziki wa Marekani alidhaminiwa na nani siku ile? Watasema vijana wanataka muziki. Vijana wanataka kisa, na kisa cha wanawake wa Usangi kina utani, hasira na ushindi ndani yake. Watasema, mwisho, kwamba ni jambo la kabila moja. Ajabu! Wakulima kumkatalia mkoloni kodi ni ukabila, na mcheza mpira wa Ulaya kuhama timu ndiyo khabari ya taifa?

Ukweli ni kwamba redio zetu hukumbuka zilichoamrishwa kukumbuka. Tarehe 12 Januari, 26 Aprili na 9 Desemba zina gwaride na hotuba, na ni haki yake. Tarehe isiyo na mgeni rasmi haina redio. Ilipoanza Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, hadi miaka mingi baada ya uhuru, tuliweza kusema: sauti ni moja, nchi ni kubwa, haiwezi kuusalimu kila mji. Sheria ya 1993 ikafungua mlango kwa watangazaji binafsi, nasi tukafurahi kwamba sasa kila mahali patajisikia. Minara ikaota kila kilima. Lakini wa mkoani akajifunza kucheka kama wa Dar es Salaam, na wa Dar es Salaam kama wa ng'ambo. Mkataa kwao mtumwa.

Nasi visiwani tusijisifu. Mwaka 1951 huohuo wakulima wa Kiembesamaki walisimama dhidi ya serikali ya kikoloni katika Vita vya Ng'ombe. Muulize kijana wa Unguja ni mwaka gani, kisha umuulize bingwa wa soka wa Uingereza, upime mwenyewe.

Ninachowataka watangazaji si kikubwa: wafungue daftari la tarehe za mahali walipo, wazijaze kwa kuwauliza wazee na kusoma vitabu, na kila tarehe waipe dakika tano. Aliyezaliwa mwaka ule wa 1945 amekwisha kupita miaka 80; aliyeshuka mlima kwa miguu yake hatutampata tena. Na washairi tusiwaachie wao peke yao. Kila Januari, shairi moja la mbiru lipelekwe redioni, lenye beti chache na tarehe iliyo sahihi. Wakikataa kulisoma, tutajua wamekataa. Leo hatuwezi hata kusema hivyo, maana hatujawapelekea.