Bibi Asifichwe Siku ya Harusi



Mwezi uliopita biharusi mmoja alikuja kwangu hapa Msimbu, Kisarawe, kupimwa gauni la nikah. Nikamuuliza kama na bibi yake tumshonee dera. Akainamisha uso. "Dada, bibi atakaa chumba cha uani siku hiyo. Anasahau sana, atatuaibisha." Gauni nilimshonea, lakini maneno yale yamenikaa moyoni.

Nami ninaye mama mkwe wa hali hiyo. Alianza kutia chumvi mara mbili kwenye mchuzi, akaja kuuliza jambo moja mara kumi, mwisho ikawa kila jioni anafunga kanga zake anataka kwenda kwa mama yake, aliyefariki zamani. Watu wakasema karogwa. Hospitali wakatuambia ni dimenshia, maradhi ya ubongo. Nanyi anzieni hospitali, maana kusahau kwingine hutokana na mambo yanayotibika, kama maambukizi, tezi ya shingo au dawa anazotumia mgonjwa. Dimenshia yenyewe kwa kawaida haina dawa ya kuiponya. Hapo wengi hukata tamaa, nami nasema hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Mwanzo nilikuwa nabishana naye. "Mama, hapa ndio kwako, mama yako alishakufa." Akilia kama ndiyo kwanza anapokea msiba. Siku hizi namuuliza, "Mama yako alikuwa anapika nini?" Anasimulia, na safari inasahaulika. Mikono yake bado inakumbuka, basi nampa ukindu asuke ukili. Ukienda upande, nanyamaza. Ukindu ukikosekana, nampa vifungo vya dukani avipange kwa rangi. Qasida za utotoni anazipokea mpaka mwisho. Saa za kula na kuoga hazibadiliki, na taa nawasha kabla ya magharibi kwa sababu giza humtia hofu. Akikosea rakaa simkaripii. Aliyeondokewa na akili hana dhima, dhima ni yetu tuliobaki nayo.

Msidhani haya ni ya kwangu peke yangu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walikusanya wazee 34 wenye dimenshia katika vikundi, vikao 14 kwa wiki 7, bila dawa: michezo, nyimbo na mazungumzo ya mambo wanayoyajua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Wazee ni wachache, lakini akili zao zilichangamka na wasiwasi wao ukapungua.

Sasa nawaambia mabiharusi wangu mambo mawili.

La kwanza, bibi asifungiwe. Aletwe asubuhi kabla watu hawajajaa, akae pembeni na mtu anayemzoea, apakwe hina, aombe dua yake. Ngoma ikishindilia, arudishwe akapumzike. Aibu iko wapi hapo?

La pili, kabla ya nikah ulizeni wazi: kuna mzee wa kuangaliwa, na nani anamwangalia? Nimeona wengi wakikabidhiwa mgonjwa wiki ya kwanza ya ndoa, na watoto wa kuzaa wakapotea mmoja mmoja. Suratul Israa aya ya 23 inawaagiza watoto kuwatendea wema wazazi wao waliozeeka, hata neno la kuguna wasiwaambie. Wajibu ni wao kwanza. Mkamwana anasaidia kwa ihsani, na ihsani yake ina thawabu kubwa, lakini haigeuzwi kuwa mzigo wa mtu mmoja. Mume na ndugu zake wapange zamu, nawe upate siku ya kulala.

Yule biharusi nimemwambia kitambaa cha dera la bibi yake ninacho, na sitaki hela. Amlete tu nimpime.

Allah awape wazee wetu utulivu, nasi atupe subira. Amin.