Ukiweka Linux kando ya Windows, funga hata swapu

Leo nina lalamiko. Wengi wetu tunaoandika programu hapa Nairobi tuna laptopu moja yenye mifumo miwili: Windows kwa ajili ya wateja, Linux kwa ajili ya kazi yenyewe. Na karibu kila laptopu ya rafiki ninayoishika, upande wa Linux hauna kufuli. Nywila ya kuingilia ipo, ndiyo, lakini hiyo si kufuli. Washa mashine kwa flashi yenye Ubuntu, na mafaili yote yako pale yanakungoja.

Mimi mwenyewe nililijua hilo na sikufanya kitu, mpaka jioni moja begi langu lilipochanwa kwa wembe ndani ya matatu. Bei ya laptopu iliniuma, lakini kilichoninyima usingizi ni hifadhidata ya chama kimoja cha akiba nilichokuwa nakitengenezea programu: majina, nambari za vitambulisho, simu, na salio la kila mtu. Ilibidi nimpigie mwenyekiti. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika.

Hiyo ilikuwa kabla ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Siku hizi simu ya mwenyekiti haitoshi. Kifungu cha 43 kinakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 iwapo wenye data wamo katika hatari ya kudhurika. Kifungu hicho hicho kinasema si lazima kuwaarifu wenye data wenyewe kama ulikuwa umeweka kinga zinazofaa, na kinataja usimbaji kwa jina, yaani kuigeuza data isisomeke bila ufunguo.

Kwa nini basi watu hawafanyi? Naona lawama ni ya visakinishi. Ubuntu 12.10, mwaka 2012, ilileta kisanduku cha kusimba diski nzima kwa kubofya mara moja, lakini kwa sharti kwamba diski yote ifutwe. Mwenye Windows anayoihitaji akaachwa ajipangie patisheni kwa mkono. Kisha mwaka 2018, toleo la 18.04 likaondoa hata lile chaguo la kusimba folda ya nyumbani peke yake. Watu wakaamini kwamba mifumo miwili na usimbaji havikai pamoja. Si kweli! Keneli ya Linux ina dm-crypt tangu 2.6.4, mwaka 2004.

Nafanya hivi. Kwanza, nikiwa ndani ya Windows, nanakili ule ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48 kwenye karatasi. Usiruke hatua hii. Windows 11 toleo la 24H2, ikiwekwa upya kwa akaunti ya Microsoft, husimba diski bila kukuuliza, na ukigusa mambo ya uwashaji inaweza kukudai ufunguo ambao hukujua kama unao. Kisha napunguza patisheni ya Windows kwa kutumia Windows yenyewe. Patisheni ya EFI naitumia kama ilivyo, siifomati. Kwenye nafasi iliyobaki natenga GB 1 ya /boot isiyosimbwa, na kilichobaki chote kinakuwa patisheni moja ya LUKS. Ndani ya LUKS naweka LVM, na ndani ya LVM ndiko wanakokaa mzizi, nyumbani na swapu. Nywila moja inafungua yote.

Hapa ndipo tunapogombana na wenzangu. Wanasema funga folda ya nyumbani tu, inatosha. Jamani, ile hifadhidata ya chama haikuwa kwenye folda ya nyumbani! MySQL huweka data kwenye /var/lib/mysql, na PostgreSQL nayo hukaa /var/lib. Swapu hupokea vipande vya memori, na ukilaza mashine kwa kuandika memori kwenye diski, kila kitu ulichokuwa umefungua kinaingia humo. Halafu kuna ile patisheni ya "Data" ambayo mifumo yote miwili inaisoma. Ukiiacha wazi, umefunga mlango wa mbele ukaacha dirisha. Isimbe kwa BitLocker upande wa Windows, kama toleo lako la Windows linaruhusu; cryptsetup tangu 2.3.0 ya mwaka 2020 inaweza kuifungua ukiwa Linux.

Kuhusu kasi, sitaki hata kubishana. Prosesa za Intel zilianza kupata maagizo maalum ya AES mwaka 2010. Andika cryptsetup benchmark ujionee.

Hofu ya kusahau nywila naiheshimu zaidi, maana ukiisahau hakuna wa kumpigia simu. LUKS2 inakubali hadi funguo 32, kwa hiyo ya pili nimeiandika kwenye karatasi iliyo kwa mama kijijini, ndani ya Biblia yake. Kichwa cha LUKS nacho nimekitolea nakala kwa luksHeaderBackup, kwa sababu kikiharibika hata nywila sahihi haikusaidii.

Ni kweli /boot yangu iko wazi, na mtu mwenye ujuzi akiishika mashine kwa siri anaweza kuichezea. Lakini mimi namwogopa yule wa wembe, si jasusi. Kwa ajili yake nina tabia moja tu: nikipanda matatu nazima kabisa, silazi, maana mashine iliyolala bado ina ufunguo kwenye memori.

Yule mwenyekiti bado ni mteja wangu. Kila akija hunitaka nizime laptopu niiwashe tena, aone ikidai nywila kabla ya kitu kingine chochote.