Muamala hauwezi kungoja mtandao huku risasi zinalia

Nimechoka, jamani. Kila tukizungumzia mitandao inayokatika, hakosi mwenzetu mmoja wa kusema, "Kwani shida iko wapi? Muamala usubiri mtandao urudi." Husema hivyo akiwa ofisini, chai mkononi, waya wa intaneti ukutani. Leo tumtoe huyo ndugu ofisini, tumpeleke uwanja wa vita.

Chuoni tulikaririshwa uthibitishaji wa awamu mbili. Mratibu huuliza kila mashine, uko tayari? Kila moja hufunga rekodi zake kwa kufuli, hujibu ndiyo, kisha hungoja amri ya mwisho. Ni utaratibu mzuri kwa seva zilizo chumba kimoja. Sasa weka mratibu ndani ya gari la kijeshi, mashine ya pili iwe kifaa kifuani mwa askari nyuma ya kilima, na katikati yao adui anayevuruga masafa ya redio kwa makusudi. Kifaa kimejibu ndiyo, halafu kimya. Hakiwezi kuthibitisha, huenda mratibu amefuta. Hakiwezi kufuta, huenda amethibitisha. Kinabaki na kufuli yake kama mtu aliyefungiwa chooni.

Na usiniambie tutume ujumbe wa kuhakikisha kwamba ujumbe umefika. Fumbo la majenerali wawili linajulikana tangu miaka ya 1970: njia ikiwa inapoteza ujumbe, hakuna idadi ya majibu itakayowapa wote wawili uhakika. Wala usinitajie setilaiti. Tarehe 24 Februari 2022, siku Urusi ilipoivamia Ukraine, maelfu ya modemu za setilaiti ya KA-SAT yalizimwa kwa shambulio la kimtandao.

Kuna na kundi la pili, wale wa "aliyeandika mwisho ndiye mshindi". Mwisho kwa saa ya nani? Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot ulikuwa umewashwa mfululizo kwa saa zaidi ya 100, na hesabu yake ya muda ikapotoka kwa takriban sekunde 0.34. Kombora la Scud likapita, askari 28 wa Marekani wakafa. Haikuwa hifadhidata, najua. Lakini ukiniambia saa za vifaa mia vilivyotawanyika porini zitakuamulia ukweli, nitakukumbusha Dhahran.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha Afghanistan, tarehe 5 Desemba 2001. Kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa mwaka uliofuata, askari mmoja wa Marekani alibadilisha betri ya kifaa chake cha GPS baada ya kupima mahali pa adui. Kifaa kilipowaka tena kilionyesha mahali kilipo chenyewe. Namba hizo zikasomwa kwa ndege, na bomu la karibu kilo 900 likawaangukia wao wenyewe. Wamarekani 3 walikufa, pamoja na Waafghani waliokuwa nao. Kifaa kilisahau kazi iliyokuwa haijakamilika, kikajaza nafasi kwa thamani nyingine bila kumwambia mtumiaji kwamba sicho alichoomba. Wangapi kati yetu tumeandika programu ya namna hiyo?

Mimi nimeandika. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya kupokea oda za maduka kwa simu huko kaskazini. Ombi lilifika kwenye seva, jibu likapotea njiani, muuzaji akabonyeza tena. Mwenye duka akadaiwa sukari mara mbili. Ingetosha kila oda kupewa namba yake ya pekee simuni kabla haijatumwa, ili seva itambue marudio. Hapo ilikuwa sukari tu.

Dawa ipo, na si mpya. Mwaka 1996 Jim Gray na wenzake watatu walipendekeza miamala ya muda: kifaa kilichokatikiwa kiandike kwenye kumbukumbu isiyopotea betri ikiisha, kiendelee na kazi, kisha mtandao ukirudi miamala hiyo irudiwe kwenye nakala kuu chini ya masharti yaliyowekwa mapema. Kinachokataliwa kirudi kwa mwenyewe pamoja na sababu. Kwa vitu vinavyohesabika kuna njia ya mafungu. Usifungie risasi 1,000 katika rekodi moja ya makao makuu. Kipe kila kikosi fungu lake, kikate humo bila kumwomba mtu ruhusa.

Utaniuliza, je, amri ya kufyatua? Kombora likishaondoka hakuna muamala wa fidia. Kweli kabisa, na hilo ndilo liachwe lingoje. Lakini ombi la kumchukua majeruhi lisingoje chochote, na likifika mara tatu hata helikopta zikaenda mbili, afadhali. Ni kazi ya mtengenezaji kukaa na wenye shughuli na kuuliza, muamala huu ukikosewa nani anaumia, ukichelewa nani anakufa? Hifadhidata haiwezi kukujibia.

Na kwenye skrini, tafadhali, kisichothibitishwa kionekane hakijathibitishwa, na umri wake uandikwe kando: dakika 2, dakika 40. Ile alama ya kijani mnayoipenda iondoeni hadi iwe kweli.