Je, Elimu Imo Darasani Tu?

Wasomaji wenzangu, wako miongoni mwetu wanaodhani ya kuwa mtu asiyevaa sare ya shule hawezi kujua sayansi. Mawazo hayo nayapinga, na ushahidi wangu nautoa Marekani, nchi tuliyozoea kuisifu kwa wingi wa shule zake.

Huko wako watoto wengi wasiokwenda shule kabisa. Wazazi wao huwafundisha nyumbani, wala jambo hilo si kosa: kufikia mwaka 1993 lilikuwa halali katika majimbo yote 50. Hata hivyo wako wanaowacheka wakisema, "Mtoto wa nyumbani ataijulia wapi mitambo, naye hana maabara wala mwalimu wa fizikia?" Jibu la swali hilo huonekana katika mashindano ya roboti.

Mashindano hayo huendeshwa na chama kiitwacho FIRST, kilichoanzishwa mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen. Mara ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 katika jimbo la New Hampshire, na timu zilikuwa 28 tu. Siku hizi timu ni maelfu, nazo hutoka nchi nyingi. Katika daraja liitwalo FIRST Tech Challenge timu haizidi vijana 15, wala si lazima itoke shuleni. Basi wanaosomea nyumbani hukusanyika kutoka jamaa mbalimbali, wakafanya kazi katika banda la gari la mmoja wao, pamoja na mtu mzima wa kuwaongoza.

Kazi yenyewe si ya mzaha. Kila mwaka hutolewa shindano jipya, la mwaka jana halirudiwi. Roboti inapoanza isipite inchi 18, yaani kama sentimita 45, kwa urefu, upana na kimo. Nusu dakika ya kwanza hujiendesha yenyewe kwa programu waliyoiandika vijana, bila kuguswa na mtu; kisha kwa dakika mbili wao huiongoza kwa vyombo vya mkononi. Mmoja hukata chuma, mwingine hufunga nyaya, mwingine huandika programu, na mwingine hutunza habari za kila lililojaribiwa, hata lililoshindikana, maana waamuzi huja kuwahoji.

Hapo najifunza mambo mawili. La kwanza, mikono nayo hufundisha. Sisi twaweza kuandika kanuni ya wenzo katika mtihani tukapata alama zote, lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuinua kitu kwa wenzo? La pili, hata hao wa nyumbani hawakuweza kufanya kazi kila mtu peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa; iliwabidi kutafuta wenzao. Tena katika shindano timu mbili huungana dhidi ya mbili, na mwenzako wa asubuhi huweza kuwa mpinzani wako jioni. Ndiyo sababu si ajabu kuona timu ikiwaazima wapinzani wake spana au betri.

Sasa na tujitazame sisi. Hapa Uganda sote tuliwahi kukaa nyumbani, tupende tusipende. Shule zilifungwa Machi 2020, wala hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022. Wenzetu wengi hawakurudi tena. Wako wapi? Wako sokoni, wako katika vibanda vya kutengeneza baiskeli, pikipiki, redio na simu. Vidole vyao vinajua mambo ambayo vitabu vyetu huyataja tu.

Kwa hiyo nashauri kwamba Chama cha Sayansi cha shule yetu kiwafungulie mlango vijana hao kila Jumamosi alasiri. Watakaosema vyombo vitaibiwa nawajibu: kufuli lipo, na daftari la kuazimia lipo, tena nani aliyesema wezi hawavai sare? Watakaosema kwamba hawa hawakulipa ada nawajibu: hatuwapi cheti, twawapa nafasi mezani, nao watatulipa kwa ufundi wao. Wao watatuonyesha jinsi ya kushika chuma cha kulehemu, nasi tutawaeleza kwa nini umeme hupita hapa usipite pale.

Roboti za mashindano ni ghali, nasi hatuna haja ya kuanzia huko. Tuanze na redio mbovu, mota ya feni iliyotupwa, na nyaya chache. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hayo ndiyo maoni yangu. Asiyekubaliana nami na aandike katika toleo lijalo. Lakini kabla ya kuandika, na apite kwanza kwenye kibanda cha fundi redio, amtazame kijana wa umri wake akifanya kazi.