NDUGU HUYU NAYE ANA MOYO



Pengine hata kazini kwako yupo mwenzetu mmoja ambaye hajifunzi upesi kama wengine. Amezaliwa hivyo. Hesabu humshinda, barua hawezi kuisoma, na akipewa maagizo matatu kwa mara moja huchanganyikiwa. Lakini kazi aliyoizoea huifanya kwa uaminifu, na asubuhi yuko langoni mbele yetu.

Tulimjua mmoja katika ghala fulani. Kwa miaka mingi alifunga maboksi bila ugomvi na mtu. Kisha akabadilika. Akawa anachelewa, akaacha kula chakula cha mchana, na siku moja akamsukuma mwenzake. Nyapara akasema, "Wazimu umempanda." Wengine wetu, twaona haya kusema, tulicheka. Akapewa barua ya onyo, naye hajui kusoma.

Mzee mmoja wa ghala hiyo ndiye aliyeketi naye. Akamsikia akisema, "Mama amesafiri, harudi." Mzee akaenda kuuliza kwao, akaambiwa kwamba mama alikufa, akazikwa bila kijana kuambiwa, kwa kuwa jamaa walisema, "Huyu ataelewa nini?" Kumbe kila jioni alikuwa akimngoja mama yake.

Ndugu, tusichanganye mambo mawili. Ulemavu wa akili si ugonjwa. Mtu huwa nao tangu utoto. Lakini mwenye ulemavu huo aweza pia kupatwa na huzuni nzito, hofu, au ugonjwa wa akili, kama mimi na wewe. Tena humpata zaidi. Katika uchunguzi wa watu wazima 1,023 wenye ulemavu huo, uliotolewa mwaka 2007 huko Glasgow, Uskoti, karibu 40 katika kila 100 walikuwa na shida ya afya ya akili. Wala si ajabu: mtu huyu huchekwa, hudanganywa mshahara wake, na hana wa kumweleza.

Naye mara nyingi hana maneno ya kusema, "Nina huzuni." Husema kwa kukosa usingizi, kukataa chakula, kulia, au kupiga. Sisi twasema, "Ndivyo alivyo." Hata madaktari wengine hukosea hapa, wakaona ulemavu tu wasitafute kinachomwumiza. Kumbe hata jino bovu laweza kumfanya mtu apige kelele.

Basi twasemaje?

Kwanza, mwenzetu akibadilika, aulizwe kabla ya kuhukumiwa. Yafaa mtu mmoja anayemwamini aketi naye, amwulize kwa maneno mafupi, amngoje ajibu. Akienda hospitali, asiende peke yake.

Pili, wazazi na jamaa, msimfiche msiba. Mwambieni kweli, mpelekeni mazishini. Kumficha hakumwondolei uchungu. Humwacha nao peke yake.

Tatu, wajumbe wa chama, ijueni sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, yakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu wake. Kifungu cha 41 chasema kwamba mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi mbaya, sharti amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, naye mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama. Sisi twasema, kwa ndugu huyu lugha anayoifahamu si Kiswahili tu. Ni Kiswahili kinachosemwa polepole, na kurudiwa. Mjumbe asiyehudhuria siku hiyo amemwacha mtu wake.

Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yasema mwenye ulemavu aitwe kwa heshima. Majina yale ya kumdhihaki hayakuletwa na mwajiri peke yake. Sisi pia twayatumia. Tuyaache.

Ndugu yule alipelekwa kaburini na mzee wetu. Alilia sana, na baada ya majuma machache akaanza kula tena. Maboksi anayafunga kama zamani. Lakini barua ya onyo ingali katika faili yake, nasi hatutanyamaza mpaka itolewe.

Chama ni cha kila mtu anayetoa jasho. Umoja wetu ukimwacha huyu, si umoja.